Mwaka Nyabenda Aliponyimwa Moto

Watu walikuwa wamekaa tangu mchana kuzunguka kuni zilizopangwa vizuri, kavu kabisa, na hakuna aliyeziwasha. Tulikuwa kwenye msiba wa shangazi yangu, Ma Editha, kule Ndama, nami nilikuwa nimefika asubuhi kutoka Kyerwa nilikoolewa, macho yamevimba kwa kilio na vumbi la njiani. Kitindamimba wangu, ambaye amekulia mjini na hana subira hata ya kungoja chai ipoe, akatoa kiberiti cha gesi mfukoni, akainama apate kuwasha. Wazee waliguna kwa pamoja. "Acha, mjukuu," mmoja akamwambia. "Moto wa msiba huu una mtu wake. Yuko njiani." Mwanangu akanigeukia kana kwamba anauliza wazee hawa wana nini. Nikamwambia, kaa chini baba, nitakueleza. Sikumweleza siku ile, maana kila nilipofungua mdomo nililia. Namweleza sasa, na wengine mkitaka sikilizeni.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita, nami nina miaka kumi na minane, naishi kwa Ma Editha. Kilichonipeleka kwake ni mambo ya kwetu na hayana utamu, tuyaache. Ninachokikumbuka ni jiko lake. Lilikuwa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na paa lake kwa ndani lilikuwa jeusi linang'aa kwa masizi. Kiangazi kikikaza, masizi yalikuwa yanadondoka ndani ya chungu, tukayala, Ma Editha akasema ni viungo. Sakafuni alitandika nyasi laini zenye harufu tamu, na mchana ukiingia mle kutoka juani, ile harufu ya nyasi, ya ndizi zinazochemka na maharage, na ya moshi, ilikulegeza mwili ukatamani ulale hapo hapo. Moto wake haukuzimika. Jioni aliufukia ndani ya majivu, asubuhi akaufukua, akaupuliza, ukaamka. Miaka ile viberiti havikuwepo madukani, kama vile sabuni na sukari zisivyokuwepo. Tulifua kwa majani ya mpapai, chai tukainywa chungu na kumshukuru Mungu. Kwa hiyo moto uliombwa. Jirani alikuja na kigae cha chungu kilichovunjika, akabisha hodi, akasalimia kwa heshima zote, akawekewa makaa juu ya majivu, halafu akaondoka mbio mbio yasimfie njiani. Mngeweza kugombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, au mbuzi aliyekula miche, mkapita mwezi mzima hamsalimiani. Lakini akija na kigae, unampa. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu amenyimwa moto.

Katika chumba cha nje alikaa kijana mmoja aitwaye Laurenti, mtu wa Tanga, aliyeletwa na watu wa hali ya hewa. Wanawake wa Ndama walikuwa wanapitia kwetu bila sababu yoyote ila kusikia Kiswahili chake. Sisi chetu kilikuwa cha kujifunzia shuleni, cha kwake kilikuwa kinateleza kama mlenda. Ma Editha alimwita Bwana Hewa, na jina likamganda. Pembeni mwa shamba alikuwa amesimamisha sanduku la bati juu ya mguu wa chuma. Ndani yake kulikuwa na pampu iliyonyonya hewa kwa nguvu ya betri ya gari, betri ambayo ilibebwa kwa baiskeli hadi Kihanga ikiishiwa, na ile hewa ilipita kwenye karatasi ya mviringo, nyeupe kama hostia ya komunyo. Asubuhi aliweka karatasi mpya, jioni akaitoa. Alisema wenzake walikuwa na masanduku kama hilo kando ya ziwa kule Bukoba, na wengine huko mbali kwenye visiwa vya baharini, na wote walikuwa wanatafuta kitu kimoja: hewa imebeba nini, na wingu linakifanyia nini.

Mimi bahari nilikuwa sijaiona. Jioni, tukimenya ndizi, nilikuwa namchokoza Laurenti aisimulie, naye hakuwa mchoyo wa maneno. "Wingu halijishiki hewani bure, dada Koku," alisema. "Kila tone lina punje ndani yake ya kujishikiza. Punje ya chumvi, ya vumbi, au ya moshi. Huko bahari kuu, mbali na watu, punje ni chache, za chumvi. Tone linajaa, linanenepa, linaanguka. Sasa moshi wa nchi kavu ukisafiri ukafika kule, punje zinakuwa nyingi mno, na maji ni yale yale." Ma Editha akauliza, inakuwaje basi? Laurenti akaonyesha sufuria ya uji. "Uji huu, wakija wageni watano, watashiba. Wakija kijiji kizima, kila mtu atalamba mwiko. Matone yanakuwa membamba, hayana uzito wa kuanguka. Wingu linakuwa jeupe zaidi, linalirudisha jua huko juu, chini kunapoa, watu wanasema leo itanyesha. Hainyeshi." Ma Editha akacheka mpaka akashika ubavu: "Waitu! Kumbe hata mawingu yanasumbuliwa na wageni!" Nami nililala nikiota chumvi ikipanda angani kama unga unaopepetwa, na mimi nimesimama chini nimefumbua mdomo.

Mwaka ule kiangazi kilikataa kuondoka. Jua lilichomoza jekundu kama kiini cha yai la kienyeji, unaweza kulitazama machoni bila kupepesa, na milima ya ng'ambo ilipotea, kwanza ule wa mbali, halafu wa karibu, mpaka ukadhani Ndama imebaki peke yake duniani. Uzuri wake siwezi kuusahau, Mungu anisamehe, maana watu walikuwa wanateseka. Kila kitu kilikuwa rangi ya maziwa yaliyomwagiwa majivu. Sauti zilisikika kabla ya watu kuonekana. Asubuhi mawingu yalipanda kutoka upande wa ziwa, meupe, mazuri, yakapita juu yetu polepole kwenda Rwanda bila kudondosha kitu. Lazima niseme kwamba kila kiangazi tulichoma milima. Wote. Tulichoma ili nyasi changa ziote mbuzi wale, tulichoma tukifukuza nyoka, tulichoma kwa sababu babu zetu walichoma. Ma Editha mwenyewe aliuwasha mlima ulioko nyuma ya nyumba, akasimama akiutazama ukiungua huku amejishika kiuno, ameridhika. Lakini ule kwetu haukuwa moshi. Ule ulikuwa kiangazi.

Nyabenda ndiye aliyekuwa na moshi. Alikuwa mtu wa asili ya Burundi, mrefu, mkimya, aliyefika zamani kulima vibarua katika kahawa za watu, mpaka akapewa kipande cha ardhi bondeni, chini ya njia. Alikuwa Mkatoliki wa kuimba nyimbo za kanisani hata akichimba choo. Mwaka uliotangulia alikuwa amechoma tanuri dogo la matofali ya kujaribia, na mwaka ule, kiangazi chote, yeye na mkewe, Mama Konsolata, walikanyaga udongo, wakafyatua, wakaanika, wakapanga tanuri kubwa lenye midomo mitatu ya kuingizia kuni. Lilikuwa la nyumba yao wenyewe. Siku moja niliteremka na maji ya kunywa, Mama Konsolata akaniambia, akijipangusa udongo usoni kwa kiwiko: "Mwanangu, mwenye nyumba ya nyasi wanaweza kumwambia hama, akahama kesho. Nyumba ya tofali, lazima kwanza wakuulize utaibebaje." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Kilichobaki kilikuwa kuwasha tu. Walikuwa wakisubiri magogo ya mwisho yakauke.

Sasa, kwetu kuna neno la kale kwamba mchoma matofali ndiye adui wa mvua. Na ukilifikiria, lina akili yake: tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope, kwa hiyo ni nani hapa kijijini anayeamka kila siku akimwomba Mungu mvua isije? Nililisikia kwanza kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, siku wanaume walipokuwa wakikanyaga ndizi nyuma ya nyumba. "Amelifunga anga." "Na bado hajawasha! Akiwasha itakuwaje?" Niliporudi jikoni nilimkuta Ma Editha akiyarudia maneno yale yale, tena kwa kuyaongezea chumvi, akiwa ameshika mche wa maharage uliokauka kama uzi. "Huyu mgeni atatumaliza," alisema. Nilimpenda shangazi yangu, lakini ulimi wake, jamani, ungeweza kukata kuni.

Balozi wa nyumba kumi akaitisha mkutano mbele ya ofisi ya tawi. Nyabenda alisimama amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Alisema hajui kufunga mvua, anajua kufyatua matofali, na kwamba akikatazwa kuwasha, mvua ikija itamkuta na kazi ya mwaka mzima ikiwa mbichi. Akaomba awashe, tanuri likishika moto, mvua inyeshe itakavyo. Hapo mtu akapaza sauti: "Bwana Hewa si yupo? Tumuulize msomi!" Laurenti akasukumwa mbele. Balozi akamuuliza mbele ya watu wote: "Sema kweli, kijana. Moshi unaweza kuzuia mvua, au ni maneno ya wazee?" Laurenti, maskini, alilelewa kusema kweli. "Ndiyo, unaweza," akasema, "ila—"

Hiyo "ila" hakuna aliyeisikia. Watu walilipuka. Wanawake walipiga vigelegele kana kwamba mvua yenyewe imeingia. Laurenti alikuwa anapunga mikono akisema moshi wa tanuri moja si kitu, ni moshi wa nchi nzima, ni milima yote, lakini ungefikiri anaimba. Wakaamua pale pale: Nyabenda hatawasha mpaka mvua ya kwanza inyeshe, na mtu yeyote asimpe moto. Mgambo wakateremka, wakamwaga maji kwenye mafiga ya Mama Konsolata, asije akachukua kaa la jikoni akalipeleka kwenye tanuri. Tazama walivyomfunga huyo mtu. Mvua isipokuja, hawezi kuwasha. Ikija, hana cha kuchoma.

Mama Konsolata alibaki bila jiko, basi Balozi akasema apike kwa jirani, chini ya macho. Jirani ni sisi. Kila mchana alikuja na chungu chake kichwani, akabisha, akasema shikamoo kwa Ma Editha ingawa hawakupishana sana umri, akakaa ng'ambo ya mafiga. Wanawake wawili, moto mmoja. Siku za kwanza hawakuongea. Nilikuwa naketi kati yao nikichambua maharage na kusikiliza vyungu vikiongea badala yao, moshi ukipanda na kutokea kwenye nyasi za paa, na nje ule weupe usio na mwisho. Halafu siku moja chungu cha Mama Konsolata kilitaka kufurika, Ma Editha akakifunua bila kuombwa. Siku nyingine Mama Konsolata alisema, kama anayejisemea, "Jana upepo umefunua nyasi tulizofunikia tanuri. Mzee amepanda juu, amelala juu yake kama kuku." Ma Editha aliponyanyuka kuchota chumvi niliona amemtilia na mwenzake kidogo.

Laurenti naye alikuwa hali vizuri. Jioni moja aliingia jikoni ameshika karatasi zake za siku nyingi, akazipanga juu ya ungo, moja moja, mbele ya Ma Editha. Zote nyeusi. Zilikuwa na weusi wa masizi, kama paa letu. "Mama, nisaidie," akasema. "Mimi hawanisikilizi, wewe wanakusikiliza."

Ma Editha akazisogeza kwa kidole, kidole kikatoka cheusi. "Huu ndio moshi wa Nyabenda?"

"Tanuri la Nyabenda halijawashwa, mama."

Shangazi yangu akauliza, "Basi huu ni wa nani?"

"Ni wa Burundi, wa Biharamulo, wa huku. Ni wa milima. Ukishaingia humu hauna jina, siwezi kuutenganisha." Halafu akaongeza polepole, akitazama chini, "Hii hapa, nyeusi kuliko zote, ni ya siku mlipochoma mlima huu wa nyuma."

Nilidhani atamfukuza na ungo wake. Ma Editha aliendelea kutazama kile kidole. Akakipangusa kwenye kanga, kisha akakitazama tena kama bado ni kichafu. Mama Konsolata alikuwa pale pale ng'ambo ya mafiga, amesikia yote. Angeweza kusema mengi. Alikoroga tu chungu chake, akaaga, akaondoka, na Ma Editha akamsindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mkutano.

Siku ilipokuja, ilikuja kwa upepo. Mchana ule, ule weupe ulianza kusogea, mlima wa ng'ambo ukajitokeza kama mtu anayeingia mlangoni, na upande wa ziwa tukaona wingu la aina nyingine, la chini, zito, rangi ya chungu kipya. Nilisikia harufu ya udongo uliolowa mahali fulani mbali. Watu walitoka nje wakapiga makofi. Nikatazama bondeni. Nyabenda na mkewe walikuwa wanakimbia na majani ya migomba, wakiyaweka juu ya tanuri, upepo ukiyachukua, wakiyaweka tena. Hakuna aliyekuwa anawatazama isipokuwa mimi. Na kumbe shangazi.

Aliingia jikoni. Alipotoka alikuwa na kigae, makaa juu ya majivu, yamefunikwa ganda la mgomba. Akanipa mwenge wa nyasi kavu. "Twende." Tulipita katikati ya njia, mbele ya kila mtu. Balozi akaita, "Ma Editha! Unakwenda wapi na moto?"

"Kwa jirani."

"Ulisikia mkutano ulivyosema!"

"Nilisikia. Na wewe uliona nikichoma mlima mzima, mbona hukuitisha mkutano?" Hakusimama hata kidogo, makaa hayasubiri majibizano. "Tangu lini mtu akanyimwa moto Ndama? Mvua ile pale inakuja. Mnamngoja huyu mtu ayeyuke ndipo mridhike?"

Nyabenda alipotuona akaacha majani yakapeperuka. Ma Editha alimnyooshea kigae kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi ukweni, akamwambia, "Shemeji, nilikusema vibaya. Shika, usiache yapoe." Yule mzee alilia machozi, hadharani, huku akipuliza. Nyasi zikashika, kuni zikashika, mdomo wa kwanza, wa pili. Laurenti alikuja akikimbia bila viatu. Wakaja na wengine, wale wale wa vigelegele, na mikeka, na udongo wa kukandika, na magogo kutoka vibanda vyao. Tulikandika tanuri kwa mikono huku matone ya kwanza yakitupiga migongoni, makubwa, ya baridi, na mimi nikikumbuka chumvi na bahari nikafumbua mdomo. Yalikuwa na ladha ya moshi.

Mvua ile haikuwa ya mchezo. Matofali ya nje yote yaliyeyuka, tope likateremka mpaka mtoni. Ya ndani yaliungua. Yalitosha chumba kimoja, na chumba hicho kipo mpaka leo, vingine viliongezwa baadaye. Na mnajua Ndama walisema nini asubuhi yake? Walisema moshi wa Nyabenda ndio ulioleta mvua! Si uliwashwa, ikanyesha? Laurenti alicheka mpaka akaketi kwenye tope. Kiangazi kilichofuata Balozi mwenyewe aliteremka bondeni kumuuliza, "Nyabenda, utawasha lini? Maharage yanangoja." Laurenti hakuwepo kuyaona hayo, alikuwa amechukuliwa yeye na sanduku lake, na sikumwona tena, ingawa kwa muda fulani nilikuwa naitazama njia. Nilipokuja kuifikia bahari, mtu mzima mwenye watoto, wenzangu walitazama maji. Mimi nilitazama juu.

Basi pale msibani tuliendelea kukaa. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya migomba tulipomwona anapanda kutoka bondeni, amepinda mgongo, hana mtu wa kumshika mkono maana mikono yote miwili ilikuwa imebeba kigae. Mama Konsolata alishatangulia mbele ya haki. Mzee alitembea taratibu mno kwa mtu aliyebeba makaa, nikaogopa yatazimika. Mwanangu akasimama kwa adabu, akamwambia, "Shikamoo babu. Kiberiti kipo hapa, usingejisumbua."

"Marahaba, mjukuu," Nyabenda akasema. Alipiga magoti kwa shida, akayafunua majivu, na ndani yake makaa yalikuwa mazima, mekundu. "Huu nilipewa kwenye mlango huu. Naurudisha."

Akapuliza. Moshi ukapanda kwenye migomba, ukapita juu ya paa la Ma Editha, ukachanganyika na mioshi ya majiko mengine ya kijiji. Mwanangu alininong'oneza, "Mama, kwani ni moto ule ule?"

"Ndiyo," nikamwambia, na sikuongeza "ila" yoyote.